Namba Isiyoeleweka Ikataliwe

Lebo ya bei iliyoandikwa 1.500 katika duka la Maskati ina maana ya rial moja na nusu. Rial ya Omani hugawanyika katika baisa 1,000, kwa hiyo tarakimu tatu baada ya nukta ni jambo la kawaida kule. Andika alama hizo hizo kwenye risiti ya Lubumbashi na utakuwa umeandika faranga elfu moja na mia tano, maana huko nukta hutenga maelfu na mkato hutenga desimali. Dar es Salaam na Nairobi mwenye duka angeandika 1,500, na pengine angefunga kwa /= ili mtu asije akaongeza tarakimu nyuma yake. Katika miji yote hiyo wapo watu wanaozungumza Kiswahili. Hata CLDR, hazina ya Unicode ambamo mifumo mingi ya kompyuta huchota desturi za lugha, inakitenga Kiswahili cha Kongo na kile cha Tanzania na Kenya katika jambo hili: lugha ni moja, lakini nukta na mkato zimebadilishana kazi. Binadamu anayesoma hasumbuki sana. Anatazama bidhaa, anajua yuko mji gani, anakisia. Programu ya kompyuta ikipewa 1.500 haina duka la kutazama.

Mambo huwa magumu zaidi programu inapopokea namba hiyo kupitia mstari wa amri, yaani pale mtumiaji anapoandika jina la programu na kufuatisha vitu anavyotaka ivifanyie kazi. Kwenye simu au tovuti, mwandishi wa programu anaweza kuweka kisanduku kinachokataa herufi, akaonyesha mfano, akaleta vitufe vya tarakimu peke yake. Kwenye mstari wa amri hana nafasi hiyo. Kila kilichoandikwa humfikia kama mfuatano wa herufi. Iwe ni C, Java, Go au Python, 1500 inaingia ikiwa herufi nne ambazo bado si namba. Lazima pawe na anayeamua kwamba ni namba, na ni namba ipi. Kazi ya muda mrefu ya kuandika na kurekebisha programu ndogo za aina hii, za kukokotoa malipo, kugawa mafaili na kuchuja takwimu, imenifikisha kwenye msimamo ambao ukisikika mara ya kwanza huonekana ukali usio na sababu. Programu itangaze umbo moja la namba inalolikubali, isome maandishi hadi herufi ya mwisho, na chochote kisicholingana na umbo hilo ikikatae waziwazi badala ya kujaribu kukisaidia.

Ushahidi wa kwanza uko katika C, lugha ambayo programu nyingi za mstari wa amri zimeandikwa kwayo. Ina kazi iitwayo atoi, inayogeuza maandishi kuwa namba nzima, na ubaya wake ni kwamba haina njia yoyote ya kusema imeshindwa. Ipe 12abc, itarudisha 12. Ipe abc, itarudisha 0, sawasawa na mtu aliyeandika sifuri kwa makusudi. Ipe namba kubwa kuliko nafasi iliyopo na kiwango rasmi cha lugha hakiahidi chochote kuhusu kitakachotokea. Ipe 1,500 na itarudisha 1, kwa sababu ilifika kwenye mkato ikaona kazi imekwisha. Hiyo 1 ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Mtu ameamuru shilingi elfu moja na mia tano, programu imeandika shilingi moja, imemaliza bila kulalamika, na imeiarifu sheli, yaani programu inayopokea amri, kwamba kila kitu ni salama. Tabia hii haiko kwenye C peke yake. parseInt ya JavaScript hukata mkatoni vilevile, na Perl hufanya hivyo pia, ingawa yenyewe hutoa onyo ikiwa mwandishi ameomba maonyo. Programu inayoanguka kwa kishindo hurekebishwa siku hiyo hiyo. Inayolipa shilingi moja hugunduliwa wakati wa kufunga hesabu, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka ni amri gani iliyoandikwa.

C yenyewe ina kazi iliyo bora zaidi, strtol, ambayo pamoja na namba humrudishia mwandishi mahali ilipokomea kusoma. Ikiwa ilikomea kabla ya mwisho wa maandishi, kuna kitu haikukielewa. Taarifa ipo, ila ni hiari kuitazama, na ukisoma programu za watu utaona wengi hawaitazami. Ndiyo maana OpenBSD, mwaka 2004, ilileta strtonum, inayomlazimisha mwandishi kutaja kiwango cha chini na cha juu, inayosoma tarakimu za kawaida tu, na inayorudisha sababu ya kukataa: namba batili, ndogo mno, au kubwa mno. C++ nayo ilipata from_chars katika toleo la 2017, isiyojali desturi za eneo lolote na isiyoficha namba iliyopitiliza. Watu wanaotunza lugha hizi hawakuongeza ukali kwa kupenda ukali. Walikuwa wamesharekebisha matokeo ya upole kwa miongo kadhaa.

Sifuri ya mbele ina historia yake. Katika C, namba iliyoandikwa ndani ya programu ikianza na sifuri husomwa kwa mfumo wa nane, wenye tarakimu 0 hadi 7 tu, na bash, sheli inayotumika sana, ilirithi desturi hiyo katika hesabu zake. Sasa chukua skripti inayouliza amri ya date mwezi wa sasa kisha inajumlisha moja. Inapata 01, 02, na kuendelea. Kuanzia Januari hadi Julai hakuna tatizo, kwa kuwa thamani za 01 hadi 07 ni zile zile katika mifumo yote miwili. Agosti inafika, skripti inakutana na 08, na bash inasema tarakimu hiyo haimo katika mfumo wa nane. Septemba vivyo hivyo. Oktoba inapona yenyewe, na mwenye skripti asiyejua chanzo atasahau jambo hilo hadi mwaka unaofuata. Skripti inayofanya hesabu kwa kutumia saa, na iliyopangwa kuendeshwa kila saa, itaanguka saa mbili na saa tatu asubuhi kila siku, kisha saa nne itaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Dawa ipo, ni kuandika 10# mbele ya namba ili bash ijue ni mfumo wa kumi, lakini anayeitumia ni yule aliyekwisha kuumwa. Hesabu za mafaili ya amri ya Windows zina mtego huo huo.

Hapo bash angalau ilikataa. Hatari kubwa zaidi ni pale programu mbili zinapokubali maandishi yale yale na kuyasoma tofauti. Mwaka 2021 iligundulika kwamba maktaba za Python, Go na Rust za kusoma anwani za intaneti zilikuwa zikipuuza sifuri za mbele, wakati kazi ya kale ya Unix iitwayo inet_aton huzihesabu kuwa alama ya mfumo wa nane. Chukua 0127.0.0.1. Kwa msomaji wa kwanza hiyo ni 127.0.0.1, yaani kompyuta yenyewe. Kwa msomaji wa pili ni 87.0.0.1, mashine nyingine kabisa mahali pengine duniani. Ikiwa kizuizi cha usalama kinasoma kwa namna moja na programu inayounganisha mawasiliano inasoma kwa namna nyingine, mshambuliaji ana mlango. Wenye lugha zote tatu walilirekebisha ndani ya mwaka huo, na njia waliyochagua inaeleza mengi. Hawakubishana ni usomaji upi ulio sahihi. Anwani yenye sifuri ya mbele sasa inakataliwa.

Pingamizi linalotolewa mara nyingi hutumia jina la heshima. Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, aliweka mwaka 1980 kanuni kwamba mtu awe mwangalifu kwa anachotuma na mkarimu kwa anachopokea. Kwa nini programu isiwe na ukarimu huo mbele ya mtumiaji aliyechoka, aliyeandika 1,500 kama alivyofundishwa shuleni? Nakubali kuwa kanuni hiyo iliisaidia intaneti changa kusimama, mashine za watengenezaji tofauti zilipohitaji kuvumiliana. Lakini mwaka 2023 jumuiya ile ile inayotunza viwango vya intaneti ilichapisha waraka namba RFC 9413 unaoonya kwamba uvumilivu wa namna hii huyafanya makosa yaote mizizi, kwani anayekosea haambiwi. Zaidi ya hapo, ukarimu una maana pale ambapo nia ya mtumaji iko wazi. Kuondoa nafasi tupu iliyobaki mwanzoni au mwishoni ni ukarimu. Kukubali alama ya kujumlisha mbele ya namba ni ukarimu. Kuamua kwamba 1.500 ni moja na nusu ni kubahatisha kwa pesa za mtu mwingine. Gharama ya kubahatisha tunaijua: Excel iligeuza majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kuyabadili yakawa SEPTIN1 na MARCHF1. Sayansi ilibadili majina yake ili kuikwepa programu iliyojaribu kusaidia.

Wengine husema tatizo hilo lilitatuliwa zamani: kompyuta ya mtumiaji ina mipangilio ya eneo, nayo inajua kama mkato ni wa maelfu au wa desimali, programu iifuate tu. Hoja hii ina mvuto, na kwenye dirisha la programu ya ofisi ni sahihi. Kwenye mstari wa amri inavunjika, kwa sababu amri haikai mahali ilipoandikwa. Inanakiliwa kwenye skripti, inatumwa kwa mwenzako, inaendeshwa usiku na cron, programu ya kuendesha amri kwa ratiba, katika mazingira yasiyo na mipangilio ile uliyoizoea. Mifumo ya Debian na Ubuntu imepangwa ili mtu anapoingia kwenye seva kwa ssh mipangilio ya kompyuta yake imfuate hadi huko, kwa hiyo wafanyakazi wawili kwenye seva moja wanaweza kutoa amri ileile, herufi kwa herufi, wakapata majibu mawili. Kwenye mipangilio ya Kifaransa, printf ya bash ikipewa 3.14 na kuambiwa iandike desimali mbili hulalamika kwamba namba ni batili, kisha huandika 3,00. Amri ya seq katika mipangilio hiyo hutoa namba zenye mkato, na programu inayofuata kwenye bomba, ikiwa inategemea nukta, inashindwa kuzisoma.

Historia ya gawk, toleo la GNU la zana ya awk ya kuchakata data, ndiyo inayonishawishi zaidi katika suala hili. Kiwango cha POSIX kilitaka awk isome data kwa kufuata alama ya desimali ya eneo la mtumiaji, na kuna matoleo ya gawk yaliyotii kikamilifu. Waliolalamika hawakuwa Waingereza wala Wamarekani. Walikuwa watumiaji wa lugha nyingine, hao hao ambao kanuni ilikusudiwa kuwahudumia, kwa sababu mafaili yao ya data yalikuwa na nukta bila kujali desturi ya nchi. Watunzaji wa gawk walirudisha nukta kuwa hali ya kawaida, na anayetaka alama ya eneo lake sasa lazima aiombe kwa chaguo maalumu. Nadhani huo ndio mpangilio wa haki: desturi ya eneo ipatikane kwa anayeitaja, isimwingilie asiyeitaja.

Njia ya mkato inayopendwa na wengi ni kufuta mikato yote kabla ya kusoma. Mstari mmoja wa programu, tatizo limekwisha. Dotnet ya Microsoft inafanya jambo linalofanana na hilo: ikisoma namba ya desimali kwa utaratibu usiofungwa na nchi yoyote, huruhusu mikato ya maelfu bila kukagua imewekwa wapi, hata 1,5 inasomwa kuwa 15. Mtu wa Bujumbura au Kisangani akiandika kilo moja na nusu kama alivyozoea anapata kilo kumi na tano. Basi tukague, itasemwa; mkato ukubalike tu ukifuatwa na tarakimu tatu. Hapo Mhindi anayeandika 1,50,000, yaani laki moja na nusu, atakataliwa, na huo si msiba mkubwa. Msiba ni 1,500, ambayo inapita ukaguzi huo bila doa ilhali aliyeiandika alikuwa na maana ya moja nukta tano sifuri sifuri. Ukaguzi wa umbo hauwezi kugundua nia. Kuna mahali pamoja ningeruhusu mikato, na ninapaeleza kwa sababu ni hali halisi ya kazi nyingi za Tanzania: pale ambapo desimali haiwezekani kabisa. Programu ya malipo ya shilingi, ambamo senti hazitumiki tena dukani, inaweza kukubali 1,500,000 kwa masharti kwamba kundi la kwanza lina tarakimu moja hadi tatu, kila kundi linalofuata lina tatu kamili, na nukta hairuhusiwi popote. Hata /= ya mwisho inaweza kukubaliwa. Lakini hilo liwe tangazo lililoandikwa kwenye maelezo ya programu, na siku programu ile itakapopelekwa Goma, Kongo, liangaliwe upya.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: mikato haikubuniwa kwa ajili ya urembo. Jicho halihesabu sifuri vizuri. 15000000 na 1500000 hufanana kwa anayesoma haraka, na programu inayomlazimisha mtu kuandika tarakimu mfululizo inamwalika akosee mara kumi. Hapo wakali wa kweli hunyamaza, na wanastahili kunyamaza, kwani ni hoja ya haki. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliliona mwaka 1948 ukashauri makundi ya tarakimu tatu yatengwe kwa nafasi tupu, bila nukta wala mkato, ili kukwepa mgongano huu wa mataifa. Ushauri mzuri kwa vitabu, ila kwenye mstari wa amri nafasi tupu ndiyo inayotenganisha kitu kimoja na kingine, hivyo 1 500 000 hufika ikiwa vitu vitatu. Wafaransa hutumia nafasi nyembamba maalumu isiyo na kitufe chake kwenye kibodi za kawaida, na kuanzia Java 13 hiyo ndiyo iliyotegemewa na msomaji wa namba za Kifaransa. Mtu aliyeandika 1 234 kwa kitufe cha kawaida, hata akiifunga kwa alama za nukuu, alipata 1. Mkato nao hauko salama mbele ya sheli zote, maana faili la amri la Windows likipewa 1,500 huona vitu viwili, 1 na 500.

Jibu bora nililoliona ni mstari wa chini. Lugha ya Ada iliruhusu 1_500_000 ndani ya programu tangu kiwango chake cha 1983, Java ikafuata mwaka 2011, na Python mwaka 2016 ikaenda hatua moja mbele kwa kuruhusu kazi yake ya int isome umbo hilo hata linapotoka kwa mtumiaji. Hakuna taifa linalotumia mstari wa chini kama alama ya desimali, hivyo hauwezi kueleweka vingine. Rust na Go ni wakali zaidi: huuruhusu kwenye programu iliyoandikwa, lakini wasomaji wao wa kawaida wa maandishi huukataa. Nauona uamuzi wa Python kuwa na busara zaidi hapa, ingawa mwandishi ajue umo, maana wapo wanaoshangaa kuona programu yao imekubali kitu ambacho hawakukitangaza. Python hiyo hiyo husoma pia tarakimu za Kiarabu, ٢٥ ikawa 25, jambo jema kwa Omani. Ila anayekagua maandishi kwanza kwa isdigit atakuta alama ya kipeo cha pili, ², inapita ukaguzi kisha inaangusha int. Usikague kwa kipimo kimoja na kusoma kwa kingine.

Mabenki yalikutana na tatizo la sifuri kabla ya kompyuta, na suluhisho lao lilikuwa kumfanya mtu aandike kiasi mara mbili. Sheria ya Uingereza ya hati za fedha ya mwaka 1882 inasema maneno na tarakimu za hundi zikitofautiana, maneno ndiyo yanayohesabika. Programu inaweza kufuata njia hiyo kwa upande wa kutoa: ipokee 1500000 kwa umbo kavu, kisha kabla ya kulipa imwonyeshe mtu 1,500,000 na, ikiwezekana, shilingi milioni moja na laki tano kwa maneno, imwombe athibitishe. Hapo ndipo mapambo ya namba yanapostahili kukaa. Kwenye kutoa, mwandishi anajua namba ni ipi na anaipamba apendavyo. Kwenye kupokea, pambo ni kitu cha kuteguliwa. Skripti haiwezi kujibu swali la uthibitisho, kweli, kwa hiyo pawe na chaguo la kulizima, na anayelizima ajue amejitwalia jukumu.

Viambishi vya ukubwa nitavipitia haraka. K na M ni rahisi kuandika na hupunguza sifuri, lakini zana za GNU husoma K kuwa 1,024 na kB kuwa 1,000, na dd, amri ya kunakili data, husoma b kuwa 512. Ukiviruhusu, viorodheshe. dd ina kituko kingine ninachokipenda: herufi x kwake ni alama ya kuzidisha, kwa hiyo aliyeandika 0x10 akidhani ni namba ya mfumo wa kumi na sita amezidisha sifuri kwa kumi. Matoleo ya sasa humwonya. Watunzaji wake nao waliishia kwenye onyo.

Lipo kosa jingine linalotangulia haya yote, nalo ni kusoma kama namba kitu ambacho si namba. Namba ya simu haijumlishwi. Ukiisoma kuwa namba unaila sifuri yake ya mbele. Namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA ina tarakimu 20 na huanza na tarehe ya kuzaliwa. Nafasi kubwa ya kawaida ya namba nzima isiyo na alama, ile ya biti 64, inaishia 18,446,744,073,709,551,615. Ingemtosha raia aliyezaliwa kabla ya 1845; wa leo wote wanaipita. Ukiiweka katika namba ya desimali ya kawaida, ambayo hubeba tarakimu kama 15 hadi 17 tu, utapoteza zile za mwisho, nazo ni sehemu ya kinachomtofautisha mtu mmoja na mwingine. Vitu hivi vibaki maandishi, vikaguliwe urefu na tarakimu zake, basi.

Na hata namba halisi inahitaji mipaka. float ya Python hukubali neno nan, lenye maana ya kitu kisicho namba, na hukubali pia inf. Mwandishi anayesema «ikiwa ni chini ya 0 au zaidi ya 100, kataa» ameipitisha nan, kwa sababu kila ulinganisho wa ukubwa au udogo nayo huleta jibu la hapana. Sharti liandikwe kwa kugeuza: kubali ikiwa tu iko kati ya 0 na 100, vingine vyote kataa. Tofauti ni ndogo kwenye skrini, na ndiyo tofauti ninayoitetea katika makala haya yote, kati ya kuorodhesha mabaya unayoyajua na kutaja jema unalolitaka.

Kukataa nako kuna adabu yake, na hapa ndipo programu kali nyingi zinapostahili lawama. Ujumbe usemao tu kwamba kuna kosa humwacha mtu gizani. argparse ya Python hutaja ni chaguo gani lililokosewa na hurudia kile kilichoandikwa, ila kwa Kiingereza, na si vigumu kuiwekea kazi yako ya kusoma namba inayojibu: «Kiasi "1,5" hakisomeki. Andika namba nzima bila mkato wala nukta, kwa mfano 1500.» Ujumbe huo utoke kwenye mkondo wa makosa, programu irudishe alama ya kushindwa ili skripti isimame, na pasiwe na chochote kilichokwisha kufanyika. Mtumiaji aliyekataliwa hivyo hupoteza sekunde chache.

Kwa hiyo, wewe unayeandika programu itakayopokea namba, kabla hujaikabidhi kwa mtu iandikie maandishi haya moja baada ya jingine: 08, 1,5, 1.500, 1,500/=, 12abc, nan, -5, maandishi matupu, na tarakimu 20 za NIDA. Kwa kila moja iwe umetangaza inasomwaje au inakataliwa kwa maneno gani. Iliyopokelewa bila wewe kujua kwa nini, hiyo anza nayo.